Chianti na Kitoweo Chake

Mkate wa Firenze hauna chumvi. Si kwamba imepungua, haimo kabisa. Nilipoanza kazi katika jiko la mkahawa mmoja wa mji ule, kijana wa Tanga niliyekulia mkate wa mofa na boflo, asubuhi zangu zilikuwa za kukata mikate hiyo mikubwa yenye ganda gumu, na kila nilipoonja kipande niliona kama natafuna pamba. Siku ya nne au ya tano mpishi mkuu akanisimamisha. Alichukua kipande, akakichoma kidogo juu ya makaa, akakipaka ini la kuku lililopondwa pamoja na kitunguu na samaki wadogo wa chumvi, akaniwekea mkononi. Kisha akamimina mvinyo mwekundu katika gilasi fupi, ile ya kunywea maji, akasema, "Ng'ata kwanza. Tafuna. Haya, sasa kunywa."

Ini lilikuwa na chumvi na mafuta ya kutosha, na mkate ukaipokea ile chumvi bila kuiongeza. Ule mvinyo nilikuwa nimeuonja jana yake peke yake, nikauona mchachu na mkali kama chai iliyosahauliwa motoni. Sasa ulikuwa mtamu. Sisemi utamu wa sukari. Nasema ule utamu wa embe bichi likikutana na chumvi, ambao kila mtoto wa pwani anaujua tangu shuleni.

Mvinyo wenyewe ulikuwa Chianti, na tangu siku ile nimekuwa nikiwaambia watu jambo moja, nao wengi hunisikia nusu: usiuhukumu kabla hujala. Sisi tunajua ugali mkavu ni nini. Mtu hauli ugali mkavu kisha akalalamika kwamba ugali hauna ladha. Anauliza kitoweo kiko wapi. Chianti ni hivyohivyo. Umelelewa mezani, miongoni mwa nyama, maharage, nyanya na jibini, na ukiutoa hapo unanuna.

Watu wengi wa kwetu walioanza kunywa mvinyo walianza na ule mtamu, wa Dodoma au wa kutoka nje. Hakuna ubaya. Lakini ulimi uliozoea utamu ukikutana na Chianti unashtuka, kwa sababu hapa sukari ya zabibu karibu yote imekwisha kugeuka kuwa kilevi. Kinachobaki ni vitu viwili ambavyo lazima uvifahamu, maana ushauri wote unaofuata umesimama juu yake.

Cha kwanza ni uchachu. Zabibu inayotengeneza Chianti inaitwa Sangiovese, nayo ina tabia ya kubaki na uchachu mwingi hata ikiiva barabara. Waitalia husema ina harufu na ladha ya cheri chachu. Kama cheri hujapata kuila, fikiria zambarau iliyoiva: utamu mdogo mbele, uchachu nyuma yake, na mwisho ulimi unavutwa. Kule kuvutwa ndiko cha pili, yaani ukakasi. Aliyeng'ata bibo la mkorosho au ndizi isiyoiva hahitaji kufundishwa. Mashavu yanajibana kama yamepakwa shabu. Katika mvinyo ukakasi huo unatokana na tanini, iliyomo katika maganda na kokwa za zabibu, na ndiyo hiyohiyo iliyomo katika majani ya chai. Tanini hushikamana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, na kinywa kinakauka.

Sasa tazama kinachotokea ukiwa na kipande cha nyama yenye mafuta mdomoni. Tanini inapata protini na mafuta mengine ya kushikamana nayo, kwa hiyo inayaacha mate yako. Ukakasi unalegea. Wakati huohuo uchachu unayakata mafuta, kazi ileile inayofanywa na ndimu unayoikamulia nyama choma. Chumvi nayo inapunguza ukali wa uchachu na kuzima uchungu. Kwa hiyo mafuta, chumvi na nyama vinaufanya mvinyo uwe laini, na mvinyo unakisafisha kinywa kiwe tayari kwa tonge linalofuata. Pande zote mbili zinafaidika, na ndiyo maana Mtoscana, mtu wa mkoa huo wa Firenze, hula polepole na gilasi moja ikamtosha kwa sahani nzima.

Kabla ya chakula, chupa. Chianti ni jina la vilima kabla ya kuwa jina la mvinyo. Viko kati ya Firenze na Siena, na ukipita Greve, Panzano, Castellina, Radda na Gaiole umepita moyoni mwake. Mwaka 1716 Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana, alitoa amri iliyoweka mipaka ya maeneo manne ya mvinyo, Chianti likiwa mojawapo. Lakini jina likawa na soko, na mwaka 1932 serikali ya Italia ikalipanua hadi sehemu nyingine nyingi za Toscana. Ndiyo sababu leo dukani utakuta chupa iliyoandikwa Chianti tu, na nyingine iliyoandikwa Chianti Classico. Hii ya pili ndiyo inayotoka kwenye vilima vya asili. Utaitambua shingoni: ina alama ya jogoo mweusi.

Jogoo huyo ana hadithi yake, nami naipenda. Wanasimulia kwamba Firenze na Siena, zilizokuwa zikigombea mipaka kwa miaka mingi, zilikubaliana mpanda farasi mmoja atoke kila mji alfajiri jogoo akiwika, na watakapokutana ndipo uwe mpaka. Watu wa Siena walimlisha jogoo wao mweupe akashiba, akalala fofofo. Wa Firenze walimnyima chakula jogoo wao mweusi, njaa ikamwamsha kabla ya mapambazuko, akawika, na mpanda farasi wao akaondoka mapema. Walikutana Fonterutoli, karibu zaidi na Siena, na karibu Chianti yote ikawa ya Firenze. Wakulima 33 walipoungana mjini Radda mwaka 1924 kulinda jina la mvinyo wao, walimchukua jogoo huyo.

Msomaji mwenye umri atakumbuka sura nyingine ya Chianti: ile chupa ya tumbo la mviringo iliyovikwa ukili wa majani makavu, ambayo mvinyo ukiisha huwekwa mshumaa mdomoni. Mvinyo wa chupa zile mara nyingi ulikuwa mwepesi na wa kuparuza, na sababu inajulikana. Bettino Ricasoli, bwana wa ngome ya Brolio aliyekuwa pia waziri mkuu wa Italia, alieleza katika barua ya mwaka 1872 mchanganyiko aliouona bora: Sangiovese iwe ya kwanza, Canaiolo ya kuilainisha, na Malvasia, ambayo ni zabibu nyeupe, itiwe katika mvinyo wa kunywewa mapema tu. Waliokuja baada yake walishika ile nyeupe wakasahau masharti yake, hata sheria ya mwaka 1967 ikailazimisha. Nyeupe ni rahisi kulima, inazaa sana, na mvinyo ukazidi kuchujuka. Kuanzia mavuno ya 2006 zabibu nyeupe zimepigwa marufuku katika Chianti Classico, na Sangiovese sharti iwe angalau asilimia 80. Kwa hiyo usimkubali anayekwambia Chianti ni mvinyo wa bei poa wa chupa ya ukili. Anazungumzia enzi iliyopita.

Ndani ya Classico kuna ngazi tatu. Ule wa kawaida, Riserva inayokaa miezi 24 kabla ya kuuzwa, na Gran Selezione, iliyoanza kuuzwa mwaka 2014, inayokaa miezi 30. Ngazi si daraja za ubora kwa kila chakula, na hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Nimeona familia ikifungua Gran Selezione kwa tambi za nyanya, mvinyo mzito ukaifunika sahani yote. Kwa tambi hizo ule wa kawaida, wa miaka miwili hadi minne, ni bora kabisa. Riserva iache kwa nyama iliyopikwa muda mrefu, na Gran Selezione kwa siku ya nyama kubwa ya makaa au nyama ya mwitu. Kama unanunua chupa ya kwanza maishani mwako, nunua Classico ya kawaida. Kama mfuko hauruhusu, tafuta Chianti yenye neno Rufina au Colli Senesi kwenye karatasi yake. Rufina hasa, kutoka vilima vya baridi mashariki ya Firenze, ina uchachu safi ninaoupenda kwa vyakula vya mafuta.

Na joto la mvinyo, tafadhali. Vitabu vya Ulaya husema mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba, na watu wa pwani yetu wanalishika neno hilo kama lilivyo. Chumba kinachosemwa ni cha jiwe, cha Toscana, si sebule ya Tanga mwezi wa Februari. Niliwahi kukaa katika hoteli moja ya ufukweni iliyotuletea Chianti nzuri, ya bei kubwa, imetoka rafuni ikiwa na nyuzi 30 hivi. Ilinuka spiriti, ukakasi ukawa mkali, na wageni wote mezani wakaamini kwamba mvinyo ndio mbovu. Niliumia, maana chupa ile haikuwa na kosa. Chianti inataka nyuzi 16 hadi 18. Iweke kwenye friji kwa muda, mrefu zaidi kama nyumba ina joto, kisha itoe. Ukiigusa kwa kiganja uhisi ubaridi wa mtungi wa maji uliokaa kivulini, si wa barafu. Ikizidi baridi, ukakasi utakuja juu na harufu itafungwa. Subiri, itafunguka gilasini.

Sasa nyama. Sahani ambayo kila mtu huitaja pamoja na Chianti ni bistecca ya Firenze: pande la nyama lenye mfupa wa umbo la T, sarara upande mmoja na nyama ya mgongo upande wa pili, unene wa vidole vitatu au vinne, uzito zaidi ya kilo. Kwa desturi hutoka kwa ng'ombe wa Chianina, weupe, warefu, wakubwa kuliko ng'ombe wowote niliowahi kuwaona. Pande hutolewa kwenye baridi saa kadhaa kabla, huwekwa juu ya makaa makali dakika tano hivi kila upande, kisha husimamishwa kwa mfupa wake mpaka katikati ipate vuguvugu. Ndani hubaki nyekundu. Chumvi, pilipili manga, mafuta ya zeituni, basi. Pembeni huwa na bakuli la maharage meupe.

Wengi wetu hatuli nyama nyekundu ndani, na sitamlazimisha mtu. Lakini jua kwamba nyama iliyoiva hadi mwisho imepoteza maji yake, na nyama kavu haina cha kuupa ukakasi wa Riserva. Kwa nyama choma ya mbuzi iliyoiva vizuri, yenye mafuta yanayodondokea makaa, mimi nachagua Classico changa, iliyopozwa kidogo. Uchachu wake unafanya kazi ya ndimu, kwa hiyo usikamue ndimu tena. Na kachumbari iache kwenye bakuli lake, isiwe na siki na isiwe na pilipili kali. Siki huua mvinyo wowote. Pilipili na kilevi huchocheana. Mdomo unawaka na ladha ya zabibu inapotea.

Sahani ninayoipenda kuliko bistecca ni ya watu maskini, nayo inaitwa peposo. Inatoka Impruneta, mji mdogo kusini ya Firenze unaojulikana kwa vigae na vyungu vya udongo mwekundu. Wachomaji wa vigae walikuwa wakiweka chungu cha nyama mdomoni mwa tanuri, wakaendelea na kazi, na saa nyingi baadaye nyama ikawa imelainika kwa moto ule uliokuwa ukiwaka kwa ajili ya vigae. Wanasimulia kwamba Filippo Brunelleschi alipokuwa akijenga kuba la kanisa kuu la Firenze, kati ya 1420 na 1436, mafundi wake walikula chakula hiki. Vigae vya kuba vilitoka Impruneta, kwa hiyo hadithi ina mahali pa kusimama.

Nitaeleza ninavyoipika, kwa kuwa hakuna njia nzuri zaidi ya kuuelewa mvinyo huu. Chukua kilo moja ya nyama ya mguu wa ng'ombe, ile ambayo mwenye bucha huiuza kwa bei ndogo kwa sababu imejaa kano nyeupe. Mwambie asikutolee kano. Ndizo zitakazoyeyuka na kuupa mchuzi uzito. Kata vipande vikubwa kama nusu ya ngumi. Menya punje kumi za kitunguu saumu, uziache nzima. Pilipili manga kijiko kikubwa kimoja na nusu: nusu nzima, nusu uitwange kinu kidogo, isiwe unga. Chumvi. Weka vyote kwenye chungu, mimina Chianti mpaka nyama ifunikwe, karibu chupa nzima. Hakuna kukaanga, hakuna mafuta, wala kitunguu maji. Nyanya wengine hutia siku hizi, lakini wachomaji wa enzi ya Brunelleschi hawakuwa nazo, kwani nyanya ilikuwa haijaletwa Ulaya kutoka bara la Amerika. Mimi sitii.

Funika, na moto uwe mdogo kiasi cha kuona povu moja moja likipasuka. Jiko la mkaa linaifaa kazi hii kuliko gesi: makaa yakishakuwa na jivu juu, punguza, na mengine yapalie juu ya mfuniko kama unavyopalia wali. Saa ya kwanza jikoni patanuka mvinyo mkali. Usiogope. Saa ya pili harufu inabadilika, kitunguu saumu kinajitokeza, rangi ya zambarau inaanza kuwa kahawia. Saa ya tatu chukua kijiko ukiminye kipande cha nyama. Kikikataa, rudisha mfuniko. Kwa kawaida ni saa tatu na nusu hadi nne. Mwisho fungua mfuniko mchuzi upungue mpaka ung'ang'anie kijiko. Punje za kitunguu saumu zitakuwa laini kama siagi, ziponde humohumo. Tupa kipande cha mkate mkavu chini ya sahani, weka nyama juu, na fungua chupa ya pili ya mvinyo uleule uliopikia. Ukinywa hapo utaona mvinyo wa gilasini na wa chunguni vinatambuana. Ile pilipili manga, tofauti na pilipili kali ya kuwasha, inaifanya Sangiovese inukie zaidi.

Wanaokwepa kilevi kwa dini yao wafahamu kwamba hata upike saa nne, hakiishi chote katika mchuzi. Sahani hii si yao, na mgeni wako ana haki ya kuambiwa kabla hajakaa. Wajawazito na mwenye kuendesha gari usiku ule vilevile. Chupa ya mililita 750 inatoa gilasi tano za kawaida, na Chianti nyingi zina kilevi cha asilimia 13 hadi 14 na nusu. Hesabu watu wako kabla ya kufungua.

Usidhani mvinyo huu ni wa nyama tu. Mimi nilishangazwa zaidi na maharage. Watu wa Toscana huchekwa na majirani zao wanaowaita walaji wa maharage, na ni kweli wanayala sana. Kuna maharage meupe yanayomaliziwa katika nyanya, kitunguu saumu na majani ya salvia. Kuna ribollita, supu ya maharage, mkate mkavu na mboga ya majani meusi inayochemshwa leo ikapashwa tena kesho. Mboga hiyo ni ndugu wa sukuma wiki, wa jamii moja kabisa, na nimeipika kwa sukuma wiki nikiwa nyumbani bila kukosa chochote. Siri ya sahani hizi mbele ya Chianti ni mafuta ya zeituni yanayomiminwa mabichi juu yake mwishoni, kwa ukarimu. Maharage bila mafuta hayo yanauacha ukakasi uzurure. Ukiyamimina, unatulia.

Nyanya ina hoja yake. Mivinyo mingi myekundu huonekana imepooza mbele ya nyanya kwa sababu nyanya ni chachu kuliko yenyewe. Sangiovese haizidiwi. Tambi za nyanya, tambi pana za mchuzi wa nguruwe mwitu, mkate uliochemshwa na nyanya na majani ya basili ambao huko wanauita pappa al pomodoro, vyote ni vya Classico ya kawaida. Ila onja mchuzi wako. Nyanya za kopo wakati mwingine huongezwa sukari, na sukari ndiyo adui mkubwa: kila kitu kitamu kinaufanya mvinyo mkavu uonekane mchachu maradufu. Ndiyo sababu pia Chianti haiendi na keki, wala maandazi, wala ndizi za nazi na sukari.

Samaki? Kanuni ya kawaida ni hapana, na ina ukweli. Samaki wa mafuta pamoja na mvinyo mwekundu huacha ladha ya chuma mdomoni, na samaki wa kupaka mwenye tui zito ana utamu wa nazi unaougeuza mvinyo kuwa mkali. Lakini Livorno, mji wa bandari wa Toscana hiyohiyo, wana mchuzi uitwao cacciucco: pweza, ngisi na samaki wa miambani, umepikwa kwa nyanya, kitunguu saumu na mvinyo mwekundu, ukaliwa juu ya mkate uliochomwa, na wao hunywa mwekundu nao. Nyanya na kitunguu saumu ndivyo vinavyofanya mapatano. Kwa hiyo pweza wa mchuzi wa nyanya, aliyepikwa mpaka akalainika, bila tui, namkaribisha kwa gilasi ya Chianti changa iliyopozwa. Malindi na Watamu, ambako Waitalia wameishi kwa miongo mingi, haitakuwa vigumu kuvipata vyote viwili.

Pilau ya nyama inakwenda, kwa maoni yangu, kama mdalasini haukutawala na mchuzi wake una mafuta ya nyama. Biriani siipendekezi, kwa sababu ya vile vitunguu vitamu na mtindi na pilipili kwa pamoja. Inataka kinywaji kingine. Kuku wa kienyeji aliyechomwa kwa chumvi na kitunguu saumu, ndiyo, hasa mapaja. Maini ya kukaanga, ndiyo kwa mikono miwili, na hapo narudi kwa yule mpishi na kipande chake cha mkate.

Mvinyo ukibaki, rudishia kizibo, weka kwenye friji, na uutumie ndani ya siku mbili au tatu. Siku ya pili harufu hupungua lakini ladha mara nyingi hulainika. Siku ya nne uweke chunguni na nyama.

Na kama siku hiyo huna muda wa kupika, fanya wanachofanya huko mwanzoni mwa Mei, baridi ikishaondoka na meza zikatolewa nje. Wananunua maharage makubwa ya kijani yaitwayo baccelli, yakiwa machanga na bado ndani ya maganda. Katikati ya meza wanaweka kipande cha pecorino, jibini la maziwa ya kondoo, ambalo halijakaa muda mrefu. Kila mtu anapasua maganda mwenyewe, anakula punje mbichi na kipande cha jibini lenye chumvi, ananyanyua gilasi fupi ya Chianti ya mwaka juzi. Maganda yanarundikana katikati ya meza, na chupa inazunguka mpaka iishe.